Usiku wa Mablanketi

Jina lake sitalitaja. Wengine huficha jina la mtu kwa heshima, mimi namnyima. Mtu huyu alilipenda jina lake mno. Alilibandika mlangoni, akalibandika kwenye rafu, akataka litamkwe kabla ya sala na baada ya sala. Basi hapa halitamkwi. Sisi tulimwita Prezida, kwa sababu siku Kituo kilipozaliwa alijipa urais, na hakukubali kura ipigwe tena mpaka Kituo kilipokufa. Alizaliwa wapi, ukoo gani, babu yake aliua chui wangapi, hayo sina haja nayo. Alikuwa akiyaeleza hata ndani ya basi, kwa abiria wasiojua neno moja la Kiswahili.

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viungo huko Neasden. Kilikuwa na dirisha kubwa upande wa barabara, na ukijipinda kidogo uliona vilele vyeupe vya hekalu la Wahindu. Mwenye duka alikuwa Mhindi wa Kisumu, mzee mpole. Ngazi za kupandia zilipita ndani ya duka lake, kwa hiyo tuliruhusiwa kuja Jumamosi mchana tu, duka likiwa wazi. Humo ndani Prezida alikusanya urithi wetu sisi watu wa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, tuliotapakaa London baada ya vita kututimua. Vikapu, ngoma, mikeka, vibuyu, kinu, na kanda. Kanda, kanda, kanda! Kila mzee aliyefungua mdomo aliwekewa redio ya kurekodia chini ya kidevu.

Wazo lilikuwa zuri. Hilo nalisema bila kulazimishwa. Watoto wetu walikuwa wakizaliwa huku. Unamuuliza mtoto kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza, na ukimkazia anakutazama kwa huruma. Wote tuliiona hatari. Bahati mbaya wazo zuri liliangukia mikononi mwa mtu yule.

Alikuwa mrefu, mkavu, na tai yake ya madoa ya chui aliivaa hata jua likiwaka. Shingoni alining'iniza funguo, nyingi, zikigongana alipotembea, kwa hiyo ulimsikia kabla hujamwona. Akikohoa mara moja, ni kohozi. Akikohoa mara mbili, kaa chini, hotuba inakuja. Kauli yake ilikuwa, "Urithi hauguswi." Kauli yake ya pili, aliyotupiga nayo tulipokuwa wabishi, "Bila mimi mungekuwa Wangereza weusi."

Ajabu ni kwamba vitu vile vyote vilikuwa vyetu. Kinu, kwa mfano, kilikuwa cha mama yangu. Kilitoka Uvira, kikapita Kigoma tulikoishi ukimbizini, nami huko ndiko nilikopata hiki Kiswahili changu cha shule. Kinu kikafika London kwa njia ambazo nikizieleza mtadhani naongopa. Mama alikitoa kwa Kituo kwa moyo mweupe, akiamini wasichana watakuja Jumamosi awafundishe kutwanga sombe, majani ya muhogo. Prezida akakiweka pembeni, akakizungushia kamba nyekundu. Mama akauliza watatwangia wapi. Akaambiwa sombe iliyotwangwa inauzwa madukani, tena imegandishwa. Wee! Mama alicheka siku ile, lakini njiani kurudi Harrow aliniuliza tena, watatwangia wapi.

Mhindi wa duka alikuwa akiniambia, "Dada, hii mtu yenu iko na kufuli mingi kuliko mimi. Mimi nauza zafarani, yeye anafungia kikapu!"

Msinielewe vibaya. Mtu yule alikuwa na mema yake, na mema yake ndiyo yaliyotuua. Tulipofika, hatuna lugha ya huku, yeye alikuwa na Kiingereza cha kutosha na Kifaransa cha kumwaga. Alikwenda na watu ofisini, hospitalini, mahakamani, hakudai hata nauli. Mama yangu aliposimama mbele ya jaji aulizwe kwa nini alikimbia, ni Prezida aliyemtafsiria, asubuhi nzima, kwa upole ambao sikuwahi kuuona kwake tena. Mama alilia, na yeye akatafsiri kilio kile kwa maneno yaliyomfanya jaji avue miwani. Tukapewa ruhusa ya kukaa. Ningekuwa mwongo nikisema si kwa sababu yake.

Lakini wahenga walisema tenda wema nenda zako. Yeye hakwenda zake. Alibaki amekaa juu ya wema ule, na kila alipotaka kitu aliuinua kidogo akuonyeshe kwamba bado upo.

Sasa niseme habari ya siku ya mablanketi.

Kiangazi kimoja, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, Prezida alitangaza mchana wa hadithi. Alialika watu wa baraza la mtaa, na alikuwa amepata mgeni wa kujivunia: mama mmoja wa Kikrii kutoka Kanada. Wakrii ni wenyeji wa nchi ile, waliokuwako kabla Mzungu hajafika. Mama huyu alikuwa mlezi wa nyumba ya utamaduni kwao, na alikuja London kutazama vitu vya wazee wake vilivyofungiwa kwenye ghala la makumbusho. Alikuwa mnene, mtulivu, nywele zina mvi, anacheka kwa tumbo. Nilikaa kati yake na mama yangu nikiwatafsiria, na nusu saa haikupita wale wawili walikuwa wameshikana mikono.

Alitusimulia nyumba yao ilivyo. Watu wa vizazi vilivyotangulia walichukuliwa utotoni wakapelekwa shule za bweni, wakachapwa kwa kusema lugha yao. Sasa wazee waliobaki huketi na watoto, wanakwangua ngozi pamoja, wanapika, wanaimba, mlango uko wazi. "Na ngoma?" mama akauliza. Akajibu kwamba ngoma hupigwa, ngoma isiyopigwa inanuna. Kule kwenye makumbusho, alisema, alivalishwa glavu nyeupe ndipo akaruhusiwa kushika mkoba alioushona bibi yake mzaa bibi. Aliposema hivyo aliitazama mikono yake. Mama yangu akatema mate pembeni kwa hasira, akaomba radhi, akafuta kwa kitenge.

Prezida akakohoa mara mbili. Akamkaribisha mgeni asimulie hadithi ya kale ya kwao, redio tayari inazunguka.

Yule mama akatabasamu, akasema hapana. Kwao hadithi za namna ile zina majira. Husimuliwa wakati wa baridi, theluji ikiwa chini. Kiangazi hazifunguliwi. Angeweza kutueleza maisha yake, angeweza kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto, lakini hadithi zile zingoje theluji.

Mama yangu nilipomtafsiria alipiga makofi kwa furaha. "Unaona! Banajua!" Maana na kwetu hadithi haitolewi mchana. Watoto tulitishwa kwamba tutaota pembe. Wakubwa walisema la zaidi: hadithi ikitoka mchana haioni njia ya kurudi, inamwacha aliyeitoa mtupu.

Prezida uso ulimshuka. Watu wa baraza walikuwa wanatazama saa zao. Akamgeukia mama yangu.

"Mama, basi wewe. Ile ya mama anayemuita mwanawe ziwani."

"Muchana huu?" mama akasema. "Papa, hadithi haisemwi muchana."

"Huku ni Ulaya, mama."

"Hata Ulaya jua ni lile lile."

Chumba kizima kikacheka, na kwa Prezida kuchekwa mbele ya wageni kulikuwa kubaya kuliko kupigwa. Alikwenda pembeni, akachukua mablanketi aliyokuwa akifungia ngoma, akapanda juu ya kiti na tai yake, akayatundika dirishani moja baada ya lingine, akaziba hata upenyo wa pembeni. Akazima taa. Giza likaingia pu!

"Haya," akasema. "Usiku umeingia."

Nani mwingine chini ya jua angefanya vile? Mzungu asingejua kwamba panahitajika usiku. Kijana wa leo asingejali. Mpaka awe mtu wetu, anayeijua mila vizuri, ndipo apate akili ya kuidanganya.

Mama alikataa bado. Hapo nikamsikia Prezida amemwinamia, anasema kwa sauti ya chini, "Mama, siku ile mbele ya jaji, nani alikuwa ulimi wako?"

 Nikamshika mama mkono nikamwambia tuondoke. Akautoa mkono wake polepole, akajifunika kitenge kichwani, akageuza uso ukutani. Yule mama wa Kikrii aliniuliza kinachoendelea. Nilipomweleza alisimama, akambusu mama yangu kichwani juu ya kitenge, akapapasa njia gizani, akashuka ngazi. Alikwenda kukaa dukani juu ya gunia la mchele. Hakutaka kusikia kitu kinachotolewa kwa nguvu.

"Muko macho?" mama akaita, kama wanavyoanza kwetu.

"Tuko macho!" tukajibu.

Akasimulia. Ni hadithi ndefu. Msichana amemezwa na ziwa, na mama yake anakwenda ufukoni kila jua likizama kumuita kwa wimbo, na wimbo ule unabadilika neno moja kila jioni. Watu wazima walilia mle gizani. Prezida mwenyewe hakukaa kusikiliza. Wageni wa baraza walichoka kukaa gizani na lugha wasiyoielewa, akawasindikiza chini, akabaki nao barabarani akipeana kadi. Aliporudi mama alikuwa amemaliza. Akavuta blanketi kwa mkono mmoja, na jua la saa kumi likamwingia mama usoni.

"Umenipiga jua, Papa," mama akasema. Basi.

Kwenye basi la kurudi alijaribu kuuimba ule wimbo kwa sauti ndogo, akakwama katikati. Akarudia, akakwama pale pale. "Imenikimbia," alisema. Nikamwambia umechoka, mama.

Majira ya baridi yaliyofuata alipigwa na kiharusi. Mimi nafanya kazi ya kutunza wazee, najua presha ni presha na damu ni damu. Sisemi hadithi ilimlipiza. Nasema tu kilichotokea. Maneno yote yalimtoka, likabaki moja: basi. Akitaka maji, basi. Akifurahi, basi. Akikasirika, basi.

Bibi wa hospitali anayefundisha watu kusema tena aliniambia nimsikilizishe sauti anazozijua, hasa nyimbo. Nani ana sauti anayoijua mama kuliko sauti yake mwenyewe? Nikaenda Neasden.

Prezida alikuwa anapangusa rafu, amevaa glavu nyeupe. Ndiyo, glavu! Katika yote aliyoyasema yule mama wa Kikrii, ya ngoma kununa na mlango kuwa wazi, yeye alikuwa ameshika glavu. Alinunua pakiti nzima, akaandika ilani kwamba hakuna kugusa bila kuvaa. Mama yangu kabla ya kuugua alishavalishwa glavu zile ili aguse kinu chake mwenyewe. Alivaa, akakigusa, akavua, akaenda kunawa mikono.

"Papa, naomba ile kanda ya mama," nikasema. "Nitairudisha."

"Kanda haitoki nje ya Kituo."

"Mama mgonjwa. Daktari amesema asikilize sauti yake."

"Leo wewe, kesho nani? Urithi ni wa wote."

"Sauti ni ya mama yangu."

"Ilikuwa yake. Alipoitoa ikawa ya vizazi."

"Kwani mimi na mwanangu si vizazi?"

Hapo alipangusa rafu mahali ambapo alikuwa ameshapangusa. Halafu akasema nimlete mama Jumamosi asikilizie pale pale. Niliapa moyoni, lakini Jumamosi nikamleta. Mhindi wa duka na wanawe wawili walimbeba mama na kiti chake cha magurudumu, ngazi kwa ngazi, mzee yule anahema na kusema, "Pole mama, pole, bado kidogo." Tukafika juu. Kufuli. Prezida alikuwa Edgware Road anakula wali na wageni wa Kiomani, akikitafutia Kituo wafadhili. Baadaye alisema alisahau. Alisahau! Tulikaa pale mbele ya mlango wenye jina lake mpaka mama akaushika mkono wangu akasema, "Basi." Ilikuwa mara ya kwanza neno lile kukaa mahali pake.

Alifariki kabla ya Pasaka.

Kwenye matanga, ukumbi wa kanisa umejaa, tukasikia funguo. Prezida aliingia na tai yake na redio, akaiweka meza ya mbele karibu na picha ya mama. Akakohoa mara mbili. Akasema amemleta mama yetu azungumze nasi kwa mara ya mwisho, na kwamba hii ndiyo maana ya Kituo, na kwamba wapo waliokinung'unikia Kituo. Alinitazama. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimshukuru. Nilikuwa tayari kumsamehe yote, hata ile kufuli, nimsikie mama tu.

Akabonyeza.

Mama akakohoa, akasafisha koo. "Muko macho?" akaita.

"Tuko macho!" ukumbi mzima ukaitika, watu wameshikilia vifua.

Kikasikika kitu kama tak. Halafu sauti ya Prezida, kwa Kiingereza, inamkaribisha diwani. Hotuba ndefu. Alikuwa amemfuta. Alichukua kanda ya mama akarekodi juu yake hotuba yake mwenyewe, na maandishi ya nje hakuyabadilisha, bado yalisema jina la mama yangu. Hakuna aliyejongea. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, akageuza upande wa pili, na upande wa pili hotuba ilikuwa inaendelea.

"Hii mashine," akasema.

Hakusema samahani. Siku ile hakusema, wala mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Mwanangu, aliyekuwa na miaka saba, aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti, koko, yaani bibi yake, ameenda wapi.

Kituo kilikufa kifo cha kawaida. Mzee wa Kisumu alistaafu, akauza jumba, akatuita wanawake tuje tuchukue vitu kabla ya mafundi. Tulivichukua. Vikapu vinabebea viazi sasa. Ngoma ziko kanisani, zinapigwa mpaka majirani wanalalamika. Kinu kiko kwangu Harrow, natwanga sombe Jumapili, na jirani wa chini amezoea. Kanda tulizisikiliza zote, moja moja. Nyingi ni yeye.

Hadithi ya mama ninayo kichwani. Niliisikia utotoni usiku kwa usiku, na sehemu niliyoisahau nilikaa na wazee wengine tukaiokota. Majira ya baridi hapa yana wema mmoja: saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Mwanangu akirudi shule nilikuwa nikimuita jikoni, namuuliza uko macho, ananijibu niko macho. Kwa Kiswahili. Hilo moja analijibu kwa Kiswahili.

Prezida aliletwa kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi miaka kadhaa baadaye. Alikuja na begi dogo na tai. Kiingereza kilikuwa kimemtoka kichwani, na Kifaransa nacho, na wenzangu waliandika kwamba mzee anaropoka. Haropoki, niliwaambia, anahutubia, tena kwa Kiswahili. Kwa hiyo nikapewa mimi. Nilimwosha. Nilimlisha uji kwa kijiko. Nilimkata kucha vizuri, maana kazi ni kazi. Sikumsamehe. Watu wa kanisa waliposikia walisema Mungu ananifundisha kitu. Nikawaambia basi naye Mungu angoje.

Miezi mingi aliniita mama tu, kama anavyoita kila mtu. Kisha mchana mmoja wa Julai, namwekea mto, akanishika mkono.

"Wewe mwana wa yule mama," akasema. "Wa kinu."

"Ndiye mimi, Prezida."

Akatazama dari. "Ile hadithi ya ziwa. Mama yangu aliisema pia. Nilikuwa nalala kabla haijaisha. Kila siku nalala." Akaukaza mkono wangu. "Yule mutoto alijibu? Mama yake alipomuita, mutoto alijibu?"

Miaka yote ile. Alikuwa na jibu mikononi, limerekodiwa, na hakukaa kulisikiliza. Akalifuta ajisikilize yeye. Na sasa katika nyumba ile ya wazee hapakuwa na mwingine wa kumuuliza.

"Niambie," akasema. "Uniambie kabla sijaenda."

"Ni mchana, Prezida."

Macho yakamwaka, nikamwona yule wa zamani, juu ya kiti, na blanketi mkononi. "Funga pazia," akasema. "Funga, mwanangu. Niko macho."

Nikaenda dirishani. Nililishika pazia kwa mikono miwili, nikalivuta upande wa pili, nikalifungua lote mpaka ukutani. Jua likamwingia usoni, akakunja macho.

"Tungoje usiku," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa. Alinyoosha mgongo, akaweka mikono magotini, akaanza kungoja.

Julai London jua huzama saa tatu zimepita. Zamu yangu huisha saa mbili. Nilivaa koti, nikapita mlangoni kwake. Alikuwa amekaa vile vile, macho wazi, anatazama dirisha, na nje kulikuwa kweupe.